Gari Lako Linashinda Wapi? Sola ya Kukunja, Sola ya Paa na LUKU kwa Mwenye Gari la Umeme Moshi na Arusha

Sista mmoja wa hospitali, jirani yangu hapa Moshi, alipita kwangu jioni akitokea zamu, viatu vyeupe bado miguuni. Gari lake la umeme, Nissan Leaf, lilikuwa majini, linatoka Japani kuja Dar es Salaam. Kwenye simu alikuwa na picha ya paneli 4 za sola zinazokunjika kama begi la shule, kila moja wati 200, pamoja na betri ya kubeba yenye inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ndani yake.

"Mwalimu, nikizitandaza hizi uani asubuhi, jioni gari si litakuwa limejaa?"

"Sista, kwanza niambie gari litakuwa linashinda wapi."

"Litalala hapa hapa nyumbani, geti ninalo."

"Sijauliza litalala wapi. Litashinda wapi?"

Akanyamaza kidogo. Karibu kila anayenunua gari la umeme anajua litalala wapi, maana ndiyo mazoea yetu: gari ni usalama, usalama ni usiku. Lakini jua lipo mchana, na mchana magari mengi hayako nyumbani. Kabla hujalinganisha bei ya paneli hii na ile, jibu hilo swali, kwa sababu linaweza kukuondolea njia moja kati ya 3 kabla hata hujafungua pochi.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Leaf yangu ni ya kizazi cha kwanza, ile ambayo betri yake ilikuwa na uniti 24 ilipotoka kiwandani. Nimechaji kwa LUKU, nimechaji kwa sola ya paa nyumbani kwa kaka yangu Arusha, na kwa wiki kadhaa niliazima paneli za kukunja kwa rafiki anayepeleka wageni porini. Hesabu zilizo hapa chini unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Uniti, kilomita na ule mlima wa Arusha

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa 1. Leaf ikiendeshwa kwa utulivu inakwenda kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja iliyomo ndani ya betri. Nasema iliyomo ndani ya betri, kwa sababu si kila uniti inayotoka ukutani inafika humo. Nyingine inageuka joto kwenye nyaya na kwenye chaja ya ndani ya gari, nyingine inaliwa na kompyuta za gari ambazo huwa macho muda wote wa kuchaji. Kwa kasi ya kawaida ya nyumbani hasara ni kama asilimia 13. Ukichaji polepole sana hasara inapanda, maana kompyuta hizo zinakula wati zilezile hata kama umeme unaoingia ni wa kudonyoa. Jambo hili dogo linaiumiza sola ya kukunja kuliko njia nyingine yoyote.

Halafu kuna mlima. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na Arusha iko juu ya Moshi kwa zaidi ya mita 500. Kunyanyua gari la tani 1 na nusu pamoja na abiria 4 kimo hicho kunakula karibu uniti 3, mbali na zile 12 za kusukuma magurudumu barabarani. Ukirudi, sehemu ya nguvu hiyo unaipata tena kwenye breki, kwa hiyo Arusha kwenda Moshi ni raha. Leaf ya zamani iliyobakiwa na mistari 10 kati ya 12 inayoonyesha uhai wa betri kwenye dashibodi ina kama uniti 17 za kutumia. Maana yake utafika Arusha ukiwa karibu mtupu, na utahitaji pa kuchomeka palepale unapofikia. Kama safari hiyo ni yako ya kila wiki, tafuta Leaf ya uniti 40, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017, na uache kuwaza paneli za kukuokoa njiani.

Sola ya kukunja

Tuchukue paneli 4 za sista: wati 800. Siku njema ya Januari hapa kwetu inatoa jua linalolingana na saa 5 za jua la utosini. Zidisha, unapata uniti 4. Lakini paneli haitoi kile kilichoandikwa mgongoni mwake. Joto linaipunguza, vumbi linaipunguza, na haikai sawasawa na jua kutwa nzima. Toa robo, zinabaki uniti 3. Zipitishe kwenye betri ya kubeba na inveta yake, zinabaki 2 na nusu. Zipitishe kwenye chaja ya gari kwa mwendo wa kudonyoa, zinaingia 2.

Uniti 2 ni kilomita 13. Ni Rau kwenda mjini, kupita Mbuyuni sokoni, na kurudi. Ni kitu, sikatai. Lakini ni kazi ya siku nzima ya jua, na mtu wa kuzilinda.

Pia wauzaji wengi hawamwambii mteja kwamba gari halipokei umeme mdogo kadiri unavyopenda. Kwa utaratibu unaotumika duniani, chaja za kuchajia gari nyumbani zina kiwango cha chini cha ampia 6. Kwa volti 230 za kwetu hiyo ni wati 1,380. Chini ya hapo gari halichaji kabisa, zile taa 3 za bluu juu ya dashibodi hazitawaka. Kwa hiyo paneli za wati 800 haziwezi kulichaji gari moja kwa moja hata jua liwe kali namna gani. Lazima kwanza zijaze betri ya kubeba, kisha betri imwage kwenye gari kwa saa 1 na dakika kadhaa, kisha usubiri ijae tena. Ukinunua paneli bila betri umenunua turubai la gharama.

Betri yenyewe nayo iwe na nguvu ya kutosha. Kebo ya kuchajia inayokuja na Leaf nyingi kutoka Japani ni ya ampia 15, inavuta wati 3,000 na zaidi. Ukiichomeka kwenye betri ya kubeba ya wati 2,000 inajizima papo hapo kujilinda. Dawa ni chaja ya kubeba yenye kitufe cha kuchagua ampia, unaiweka kwenye 6 na kuiacha hapo.

Nilikuwa nayo hiyo chaja, na bado siku ya kwanza haikufanya kazi. Betri imejaa, paneli zimetandazwa kwenye majani nyuma ya nyumba, nachomeka, boksi la chaja linawasha taa nyekundu. Nachomoa, nachomeka tena, nyekundu. Nilidhani nimeua kitu. Nikampigia fundi umeme wa mtaani kwetu, kijana makini sana, akaja na tesita yake mfukoni. Akachungulia, akapima matundu ya soketi ya ile betri moja moja.

"Mwalimu, hii boksi inatafuta ethi, haioni."

Alinieleza nikiwa nimechuchumaa pembeni yake, na nilijisikia vizuri kufundishwa. Kwenye umeme wa nyumbani waya wa nyutro umeunganishwa na ardhi mahali fulani. Chaja ya gari inapima kwanza uhusiano huo kabla ya kuruhusu umeme upite, ili mtu akigusa bodi ya gari asipigwe shoti. Betri ya kubeba haina uhusiano huo. Nyaya zake 2 zinaelea, hazijui ardhi ni nini. Akatengeneza plagi fupi inayounganisha nyutro na ethi, akaizungushia utepe mwekundu na kuandika kwa kalamu nzito: BETRI TU. Plagi hiyo haitakiwi kugusa soketi ya ukutani hata siku moja, ni hatari. Kama huna fundi unayemwamini kwa kazi ya namna hii, hapo pekee panatosha kukufanya uachane na sola ya kukunja.

Baada ya ethi nikajifunza habari ya kulaza paneli. Miguu ya paneli za kukunja imetengenezwa kwa nchi za kaskazini, ambako jua hupita chini ya anga. Inasimamisha paneli kwa nyuzi 40 hivi. Sisi tuko nyuzi 3 na ushee tu kusini mwa ikweta. Saa 6 mchana jua liko karibu na utosi. Paneli iliyosimama hivyo inapoteza karibu robo ya jua la mchana. Ilaze, iinue kidogo tu. Juni ielekeze mlimani, kwa Kilimanjaro kama uko Moshi au kwa Meru kama uko Arusha, maana jua limekwenda kaskazini. Desemba ielekeze upande wa Simanjiro. Mabadiliko hayo hayagharimu hata senti, na mita ya betri inapanda mbele ya macho yako.

Kuna ugomvi mmoja sikuweza kuumaliza. Paneli inataka jua, gari linataka kivuli. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipooza kwa maji, na joto la mchana wa Moshi linaichakaza. Ukiegesha chini ya mjakaranda, paneli ziwe mita 10 mbele juani, unahitaji waya mnene kutoka kwenye paneli, la sivyo nguvu inaishia njiani. Na waya huo watu wanaukanyaga, watoto wanaurukia, mbuzi wa jirani anaushangaa.

Upepo nao usiudharau. Pale Boma Ng'ombe na tambarare za kuelekea Sanya Juu upepo unavuma kwa nguvu, na paneli ya kukunja ya wati 200 ina kilo 6 hadi 9 tu. Ya kwangu ilibebwa ikaangukia uso. Haikupasuka, kwa kuwa haina kioo, lakini kona yake ilipondeka na nikamlipa rafiki yangu. Weka mawe kwenye pembe zote.

Nimesema mengi dhidi yake, basi niseme na haki yake. Sola ya kukunja ndiyo pekee inayolifuata gari linakoshinda. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki bati lake litobolewe hana sola nyingine. Mtu anayekaa siku 4 kambini, gari limetulia muda wote, atarudi na kilomita 50 ambazo hakuwa nazo. Nami nilizipeleka shuleni siku 3, nikazitandaza nyuma ya maabara, mlinzi akanisaidia kuziangalia. Kidato cha 3 walipata kipindi cha vitendo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwapa, na jioni nikarudi nyumbani kwa jua.

Kuna watu walioenda mbali zaidi na wazo hili. Mwaka 2021 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walisafiri na gari-nyumba waliloliita Stella Vita mpaka Tarifa, kusini kabisa mwa Hispania, kwa nguvu ya jua. Likisimama, paa lake linafunguka na paneli zinafika mita za mraba 17.5. Mwaka 2023 wenzao wakavuka Moroko kwa Stella Terra, zaidi ya kilomita 1,000, barabara mbovu na jangwa. Watu hukumbuka habari hizo wanaponunua paneli za kukunja. Sasa linganisha: paneli 4 za sista zinafunika kama mita za mraba 4, na Stella Terra ina kilo 1,200 tu, imeundwa upya kuanzia tairi ili itumie umeme kidogo. Leaf yako haikuundwa hivyo.

Sola ya paa

Paneli moja ya kioo ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.3, upana wa mita 1.1, na uzito usiopungua kilo 27. Sita zinachukua karibu mita za mraba 15 za bati na zina wati 3,300. Kwa hesabu ileile ya saa 5 na kutoa robo, zinazalisha uniti 12 na kitu kwa siku njema. Umeme huo ukienda moja kwa moja kwenye gari mchana, bila kupitia betri ya kati, zinaingia uniti 10 na nusu: kilomita 68. Linganisha na zile 13.

Bei ya wati 1 ya paneli ya kioo huwa theluthi moja ya bei ya wati 1 ya kukunja, mara nyingi hata chini ya hapo. Muulize muuzaji bei, ugawe kwa wati, utaona mwenyewe. Na paneli ya kioo huuzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Ile ya kitambaa ukipata miaka 5 shukuru.

Kwa kaka yangu kule Njiro kuna inveta ya haibridi, ile inayochanganya sola na Tanesco. Wingu likipita, sola inashuka chini ya zile wati 1,380, inveta inaongezea kutoka kwenye mita na gari halijui kilichotokea. Bila mchanganyiko huo gari lingekuwa linawaka na kuzima kila wingu linapopita, na swichi kubwa za ndani ya gari hazipendi hivyo. Kama fundi anakushauri inveta, uliza swali hilo kwanza.

Atakushauri pia betri kubwa ya nyumbani, ujaze mchana, uchaji gari usiku. Kwa taa na friji, sawa. Kwa gari, mimi nakataa. Unalipia betri ya pili ili ijaze betri ya kwanza, na sehemu ya umeme inapotea kwenye kubadilishana. Betri ya kawaida ya nyumbani ina uniti 5; gari linaimaliza kabla hujalala, na nyumba inabaki gizani Tanesco ikikatika.

Kabla ya paneli, panda darini. Angalia mbao kama zimeliwa na mchwa, maana unaenda kuongeza kilo 160 na zaidi. Angalia mparachichi wa jirani saa 9 alasiri. Kivuli kikiangukia paneli 1 kinaweza kuvuta chini mstari mzima uliounganishwa nayo. Na kumbuka Julai. Miezi ya Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni za mawingu mazito, mlima hauonekani siku nyingi, na uniti 12 za Januari zinaweza kushuka hadi nusu. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, yanakupa mvua inayoosha vumbi, lakini si jua. Anayekuuzia sola kwa hesabu za Februari pekee anakuficha nusu ya mwaka.

Udhaifu mkubwa wa paa ni ule ule wa swali la kwanza. Paa halitembei. Leaf yangu inaondoka saa 12 na nusu asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Ningefunga paneli 6, gari lingeonja jua Jumamosi na Jumapili tu. Kwa mwenye duka la mbele ya nyumba, mwenye gesti, fundi mwenye karakana yake, au mchungaji anayekaa parokiani, mambo ni tofauti kabisa: gari linashinda pale paa lilipo.

LUKU na soketi ya ukutani

Ukichaji kwa ampia 10 usiku mzima, saa 10, unatumia uniti 23 na zinaingia 20. Hizo ni kilomita 130, zaidi ya anazotembea mtu wa mjini kwa siku 2. Hakuna paneli za kukunja zinazokaribia hapo.

Gharama iko hivi. Kwa viwango vilivyotangazwa 2016, mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika kama 356. Mtu wa kilomita 40 kwa siku anahitaji uniti 7, yaani shilingi 2,500. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 13 kwa lita, tukichukua lita kuwa shilingi 3,000, lingekula zaidi ya 9,200 kwa safari ileile. Kama leo uko D1, kundi la matumizi madogo, na unafurahia uniti 75 kwa shilingi 100 kila moja, jua kwamba gari litakutoa humo. Uniti 7 kwa siku ni 210 kwa mwezi. Piga hesabu ya nyumba nzima kwa bei ya T1, usishtuke baadaye.

Sasa rudi kwenye paneli 4 za sista. Kilomita 13 anazozipata kwa siku zingemgharimu kama shilingi 820 za LUKU. Kwa mwezi wa jua tupu ni 24,600. Akiambiwa seti nzima ni milioni 4, atairudisha pesa yake baada ya zaidi ya miaka 13, na kitambaa hakitafika huko. Paa la paneli 6, likitumika uniti 10 kwa siku kati ya gari na friji, linaokoa karibu 107,000 kwa mwezi. Ukiambiwa milioni 6, ni chini ya miaka 5. Julai itakupunguzia, ongeza mwaka mmoja, bado ni hesabu nzuri.

Kuhusu LUKU nina onyo moja, nalo nalisema kwa uzito. Soketi ya kawaida haikuzoea kubeba ampia 10 kwa saa 10. Pasi inawaka na kuzima, jagi la umeme linamaliza dakika 5. Gari halipumziki. Mwezi wangu wa kwanza nilichaji kupitia ekstensheni iliyokuwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake. Usiku wa manane nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Nikatoka na tochi. Uso wa soketi ulikuwa umebadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, plagi laini mkononi, na gurudumu la waya la moto kiasi cha kutoshikika. Ukuta ule uko upande wa chumba cha watoto.

Fundi wangu akavuta waya mpya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, wenye breka yake peke yake na breka ya kukata umeme ukivuja, akafunga soketi nzito ya nje. Kazi ya siku 1. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza mwenye gari la umeme anapaswa kuitoa, kabla ya paneli ya aina yoyote. Hata akija kufunga sola ya paa baadaye, gari litachajiwa kwenye soketi hiyohiyo.

Kukatika kwa umeme kumepungua tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi 2024. Lakini mti ukiangukia waya wa mtaani wakati wa masika, megawati hizo hazikusaidii usiku ule. Gari lina faida hapo ambayo friji haina: ukizoea kulichaji likiwa bado na nusu, usiku mmoja wa giza haukukwamishi.

Kama macho yako bado yako kwenye zile za kukunja

Basi fikiria pikipiki ya umeme. Betri ya pikipiki nyingi za umeme ina uniti 2 hadi 3, mara nyingi inachomoka, na chaja yake inaridhika na wati mia kadhaa. Paneli 4 zilezile ambazo kwenye gari ni kilomita 13, kwenye pikipiki ni kazi ya karibu siku nzima ya bodaboda. Kijana wa Kisongo au Himo mwenye betri 2, moja inatembea na nyingine iko juani, anapata kwenye paneli hizo maana ambayo mwenye gari hataipata. Rafiki yangu wa porini ameshaanza kuzitumia hivyo kwa pikipiki ya kambi.

Kwa gari, mimi mwenyewe nimebaki na LUKU. Gari langu linashinda shuleni na kulala nyumbani, na hesabu haitaki kubadilika. Ninachokitaka sasa ni paneli juu ya bati la maabara ya shule, nimeshaandika barua kwa bodi, kwa sababu pale magari 6 ya walimu yanashinda kutwa nzima juani bila faida yoyote, na maabara yenyewe ina bili.

Sista naye alirudi baada ya siku 2, safari hii na daftari. Alikuwa ameandika ratiba yake ya zamu ya miezi 3 na kuweka alama siku ambazo gari litashinda nyumbani. Zaidi ya nusu zilikuwa na alama, kwa sababu wodini kwao yeye ndiye anayepewa usiku mara nyingi. Akaacha za kukunja. Kwanza alivuta waya wake wa milimita 4, kisha paneli 4 za kioo juu ya bati, na nafasi ya 2 zaidi akipata nafuu. Julai anaongezea LUKU.

Saa 2 asubuhi akitoka zamu anaegesha barazani kwenye kivuli, anachomeka, anafunga pazia. Yeye analala, gari linashinda. Ukipita uchochoroni kwetu saa 6 mchana utaziona taa za bluu kupitia kioo cha mbele, 2 zimetulia na ya 3 inapepesa.